Mianzi ya Mzee Fidelis, na Samaki Mwenye Meno wa Ruvu

Mama yangu aligombana na jirani yake kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Naanzia hapo kwa sababu nikianzia pengine nitanyanyuka kwenye kiti kabla sijafika. Tulikaa kambi ya mkonge, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Baba alitoka Unyamwezini akasema anakuja kwa msimu mmoja tu, akakaa mpaka tukamzika huku huku. Kamba zote za kambini zilikuwa za katani, za bure, tulizisokota wenyewe, na kitu cha bure hakuna anayekikagua. Jirani alikuwa anaoza binti. Gauni jeupe la kuazima misheni likafuliwa, likaanikwa kwenye kamba yetu kwa kuwa yao ilikuwa imejaa mashuka. Kamba ikakatika. Chini kulikuwa na lile dimbwi ambalo bata wetu walilifanya kuwa lao.

"Kamba ya uchawi hiyo!" jirani akapiga kelele.

"Uchawi uko kwenye gauni," mama akamjibu. "Zito kama gunia la chumvi. Au bibi harusi ameomba waliongeze kitambaa cha tumboni?"

Hapo ikawa vita. Mimi nilikuwa kijana, ndevu mbili tatu zimeota, nakata mkonge kama baba. Mama akaniita akiwa bado anahema. "Nenda mjini, kwa Muhindi wa vyuma. Lete waya. Sitaki kamba, nataka waya. Nataka kitu ambacho hata mtu akianika ng'ombe hakikatiki."

Nikaenda. Duka lilikuwa la Kantibhai, na wale mliofanya kazi pale mnalijua, ingawa siku hizo lilikuwa na giza zaidi na vitu vingi zaidi: misumari, karabai, bawaba, sufuria zilizoning'inia darini kama popo. Kwenye kona ya mwisho ya kaunta kulikuwa na mwanamume mfupi, mweusi sana, amevaa koti la mvua siku ya jua kali. Alikuwa ameshika mwanzi mrefu, amefunga uzi nchani, na mwisho wa uzi ametundika jiwe la mizani ya dukani. Anaunyanyua taratibu, anautazama ukipinda, anaushusha. Anachukua mwingine. Hasemi na mtu. Mwanzi mmoja ulipopinda, yeye naye akapinda shingo pamoja nao, halafu akautupa pembeni kama mtu aliyetukanwa.

Sijui nilisimama muda gani. Nilisikia sauti ya Kantibhai nyuma ya kaunta: "Kijana, unanunua au unahamia?"

"Nanunua waya, bosi."

"Waya uko nyuma yako. Mbele yako kuna mianzi."

Watu wakacheka. Mimi nikasema, "Basi hapa mbele nahamia." Nilisema kwa mzaha tu, kijana akichekwa lazima ajibu kitu. Lakini juma lililofuata nikarudi, na lingine tena, mpaka Kantibhai akachoka kuniuliza, akanipa ufagio. Ule waya wa mama niliufikisha nyumbani jioni ya siku ile ya kwanza. Nikawakuta mama na jirani wamekaa mkeka mmoja wanachambua mchicha. Hakuna aliyeniuliza waya uko wapi.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Mwaka huu nimetoka. Mlinipa saa ya ukutani na keki, mkanisomea maneno mazuri ambayo nusu yake nadhani yaliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Vyeo na mshahara siviandiki. Vyeo pale dukani vilikuwa viwili, mwenye duka na sisi.

Ila toka siku ile situlii. Hapa Mafiga nina kibaraza kizuri, upepo unapita, na kila anayepita njiani ananiambia, "Shikamoo mzee, sasa pumzika." Nikikaa, miguu inawasha. Kabati nimeshalihamisha kutoka ukuta huu kwenda ule na kulirudisha. Uzio wa jirani nimeukaza waya bila kuombwa, akanishukuru kwa sura ya mtu anayetaka niondoke. Na juzi mkanipigia simu.

"Babu, shikamoo. Kuna mteja hapa anataka mwanzi wa mlimani, wa kuvulia Ruvu. Anasema baba yake alikuwa nao. Tumwambie nini?"

"Mwambie hakuna."

"Tukiagiza je? Si mlimani pale pale juu, tunauona?"

"Mwambie hakuna," nikasema, nikakata simu, na toka hapo nimezunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwa hiyo naandika. Shule yangu iliishia pale walipoanza hesabu za kugawanya, mtanivumilia.

Kwanza niwaambie huyo mteja alikuwa anataka nini hasa, maana ninyi mnauza fimbo za plastiki zenye rili ya kuzungushia uzi, zimeandikwa maandishi ya Kichina, na mteja akiuliza ipi nzuri mnamwambia "zote nzuri, mzee." Hiyo si kazi. Kazi ni kumuuliza anakwenda wapi kumvua nani.

Wa bwawa la Mindu hawana shida. Anayetaka perege mpe mwanzi mwembamba, uzi mwembamba, ndoana ndogo, aende zake. Anayetaka kambale mpe kitu kinene na umtakie uvumilivu. Wagumu walikuwa watu wa mto Ruvu. Kule kuna samaki meno yake yako nje ya mdomo hata akiufunga, mwili unang'aa kama bati jipya, mwembamba, ana hasira. Wenyewe wa mtoni wana majina yao. Sisi dukani tulimwita Meno, kama mtu. Meno hali chambo. Anakipiga, halafu anaruka hewani anatikisa kichwa, na mdomo wake ni mfupa mtupu, ndoana inagonga inateleza. Ukimpata mmoja kwa watano waliokugonga, unatembea mjini kifua mbele. Uzi wa nailoni anaukata kama mama anavyokata uzi wa cherehani.

Mwanzi wa kumvulia huyo ulikuwa na fundi mmoja tu, yule mfupi wa koti la mvua. Fidelis. Mluguru wa milimani, upande wa mashariki wa Uluguru, kule ambako ukimwaga maji mlangoni yanafika kwa jirani kabla hujasema hodi. Kila kiangazi alishuka na mzigo wa mianzi begani, analala stoo kwetu, anainyoosha kwenye moto wa mkaa uani, anaipaka mafuta kwa kitambaa, halafu anarudi. Kantibhai hakumwamini mtu mwingine yeyote kuhusu mianzi, na nadhani hata kuhusu mambo mengine.

Siku ya kwanza aliyoniruhusu kushika, aliniuliza, "Mnyamwezi, unaona nini?"

"Mwanzi."

"Huo ni mwanzi kama wewe ulivyo mpagazi. Una umri gani?"

"Mimi?"

"Mwanzi! Umri wako unaniuzia nini mimi?"

Sisi Wanyamwezi na Waluguru ni watani, mnajua, kwa hiyo alinitukana miaka yote ile na mimi nikamtukana, na hakuna aliyewahi kukasirika. Nilimwambia ana mguu mmoja mfupi kwa kulima kwenye mteremko, ndiyo maana mjini anatembea kama anazunguka mlima ambao haupo. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanifundisha.

Mwanzi wa mwaka wa kwanza ni maji matupu, ukiugonga kwa ukucha haulii. Wa pili ni mwongo, unalia lakini ukikauka unasinyaa. Wa tatu ndio wenyewe: kijani chake kimefifia, una madoa meupe kama ukurutu, ukiugonga unajibu. Zaidi ya hapo unakuwa mkavu, siku Meno akiruka unapasuka mkononi mwako. Tazama vifundo, vya chini vikaribiane. Ukate kiangazi, mvua zikiwa zimesahaulika, kwa sababu uliokatwa masika una utamu ndani na fukusi wanaujua utamu. Ukishaukata usiulaze. Uuache umesimama pale pale umeegemea wenzake na majani yake, majani yanywe maji yaliyobaki. Halafu uuweke dari ya jikoni, juu ya moshi, mpaka kiangazi kingine. Kitu cha dukani kikikaa mwaka mzima tunakiita hasara. Yeye alikiita mwanzo.

Uzi, nailoni nene. Mbele ya ndoana sharti waya, na waya bora ulikuwa wa breki ya baiskeli, unaufumua, unatoa nyuzi tatu, unazisokota upya. Ndoana uinoe kwa tupa mpaka ikwaruze ukucha. Ikiteleza juu ya ukucha itateleza juu ya mfupa wa Meno.

Kulikuwa na dereva wa lori, mtu wa mdomo mkubwa, alikuwa akisimama Mikese kula na kupumzika, na siku zake za mapumziko zote aliishia Ruvu. Alinunua mwanzi mrefu kuliko wote, nikamkataza, akasema mto mpana unataka mwanzi mrefu. Wiki haikuisha akarudi na kipande.

"Maganga, umeniuzia kijiti," akaniambia.

Fidelis alikuwepo uani. "Ulikamata nini?" akamuuliza.

"Sijakamata. Ulivunjika nikiegesha pale Mikese."

"Basi umevua lori. Si haba."

Tukampa mwingine. Akarudi akasema Meno anamgonga kila siku na hajamtoa hata mmoja. Mimi nikabadilisha ndoana. Bado. Nikamwekea waya mpya. Bado. Kantibhai akaanza kusema labda tumuuzie bunduki. Nikamsubiri Fidelis ashuke. Akauchukua mwanzi wa dereva, akaupiga hewani mara moja, akatoa kisu na kukata shibiri nzima nchani. Dereva alipiga kelele kama amekatwa yeye.

"Ncha yako laini," Fidelis akamwambia. "Samaki anagonga, mwanzi unamwambia karibu. Sasa utamwambia simama."

Yule dereva alirudi na Meno mrefu kama mkono, amemfunga kwenye kanga ya mke wake, ananuka duka zima. Kantibhai hakugusa samaki maisha yake yote, lakini siku ile alitoka nyuma ya kaunta akaja kutazama meno yale, mikono nyuma, na kusema, "Ningekuwa na meno haya, wadeni wangu wangelipa."

Nimepotea. Nirudi.

Mianzi ile haikuwa ya porini. Hilo ndilo lenye maana, mlishike. Nilipanda kwake mara ya kwanza nikiwa tayari nina mke. Nilidhani nitakuta msitu. Nikakuta shamba, safu kwa safu, amelipalilia kama mtu anavyopalilia vitunguu. Mizizi aliifuata juu kabisa ya mlima, kwenye baridi, akaishusha kwa miguu imefungwa kwenye gunia lenye unyevu, enzi hizo ndevu zake ndiyo kwanza zinaota. Mingi ilikufa. Aliyoibakiza aliijua mmoja mmoja. Alinipitisha ndani kama anayenitambulisha kwa ndugu. "Huu mwakani. Huu usiutazame, bado mtoto. Huu nilikosea kuuacha, umezeeka, utakuwa nguzo ya banda."

Mkewe, Bibi Agata, alitoka jikoni macho mekundu. Dari yake yote ilikuwa imejaa mianzi.

"Karibu, shemeji. Wewe ndiye unayeinunua? Nunua yote basi, nipate kuona paa langu. Wenzangu wameolewa na wanaume, mimi nimeolewa na mianzi."

"Na mianzi hainywi pombe," Fidelis akasema.

"Ndiyo nashangaa, mbona pombe inaisha?"

Sasa, ardhi ile. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Shamba lile lilikuwa la ukoo wa Bibi Agata. Fidelis alikuwa amekuja kwa mkewe, akalima kwa ruhusa ya kaka yake Agata, aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Kila mwaka, mavuno yakiingia, alimpelekea ngoto, yaani zawadi ya kukiri kwamba ardhi si yako: kuku, kibuyu cha pombe, kikapu cha mahindi. Na ruhusa hiyo ina mpaka mmoja unaojulikana na kila mtu mlimani. Lima mahindi, lima maharage, lima kinachovunwa kikaisha. Mti wa kudumu usipande. Mti ukidumu, na wewe umedumu, na kesho watoto wako watasema hapa kwetu.

Nilimuuliza hapo hapo, "Na mianzi?"

"Mwanzi ni jani," akanijibu. "Shemeji yangu alikuja akaitazama, akacheka, akasema Fidelis unalima majani. Ikaisha hivyo."

Iliisha hivyo kwa sababu shemeji yake alikuwa hai na alikuwa anampenda. Hakukuwa na ruhusa nyingine zaidi ya kicheko. Nililiona siku ile, likanikaa rohoni kama mfupa, nikashuka mlima.

Miaka ikaenda. Kantibhai akafa, mwanawe akashika duka. Rili zikaja, fimbo za plastiki zikaja, wateja wa mwanzi wakapungua lakini wa Ruvu hawakutuacha. Shemeji yake Fidelis naye akafa, na ukubwa wa ukoo ukaenda kwa mpwa wake, Damasi, mtoto wa mdogo wake Agata wa kike. Damasi si mtu mbaya. Naandika hivyo makusudi kwa sababu mtakapofika mwisho mtataka awe mbaya. Kijana mchapakazi, ana pikipiki, analima pilipili manga na vanila, anawapeleka shule watoto wa dada zake kama inavyompasa. Wakati Agata yuko hai hakusema kitu. Agata alipofariki, miaka michache iliyopita, nikapigiwa simu na Fidelis mwenyewe.

"Njoo," akasema. "Siku ya kumaliza matanga ukoo unakaa. Wanataka kung'oa."

"Kung'oa nini?"

Akakata simu. Nikaelewa.

Nilichukua bodaboda alfajiri. Kichwani nilikuwa na mpango mmoja tu, nao ni utani. Mtani msibani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kulala kaburini akagoma kutoka, anaweza kunyang'anya jembe, akasema mbele za watu lile ambalo wote wanalimeza, na ukimkasirikia wewe ndiye unayeaibika. Nikajiambia, nitawachekesha mpaka waiache.

Tulikaa uani. Wazee wa ukoo kwenye viti, wanawake kwenye mikeka karibu na jiko, wali unachemka. Fidelis alikaa upande wa wageni. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na amekaa upande wa wageni. Alivaa koti safi, mikono ameweka magotini.

Kabla hawajafungua kikao nikamnyang'anya Damasi panga lake, nikakimbia nalo nikakaa mlangoni mwa shamba la mianzi.

"Hapa hapiti mtu!" nikapiga kelele. "Mimi Mnyamwezi nimepagaa mizigo ya dunia nzima, leo nimepagaa hii mianzi. Anayeitaka anipe mke, na asiwe mwenye mguu mmoja mfupi!"

Wanawake wakapiga vigelegele na kucheka. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, akasema, "Mimi hapa! Miguu yote mifupi!"

"Wewe nakuchukua bure, bibi, ila uje na meno yako."

"Meno nimeyaacha kwa babu yako!"

Damasi mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi. Nikaona inakwenda. Nikazidisha. "Tena nyie mnasema mti. Mti gani huu una tundu katikati? Mwanzi ni jani! Marehemu mjomba wenu aliliona akasema ni jani. Mnataka kumbishia marehemu?"

Hapo kicheko kikapungua. Damasi akaja akachutama mbele yangu, kwa adabu, hakunipokonya panga.

"Mtani," akasema, "shikamoo. Ngoja nikuonyeshe kitu, halafu ukitaka niue."

Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya shamba, upande wa juu, wote wakifuata. Mianzi ya mlimani mizizi yake hutembea chini ya ardhi. Fidelis alikuwa akiikata kila mwaka kwa jembe, lakini mwaka ule wa kumuuguza Agata hakukata. Ilikuwa imevuka mtaro. Imeingia makaburini kwa ukoo. Chipukizi moja, nene kama mkono wa mtoto, imetoka katikati ya kaburi la yule shemeji yake, imelipasua saruji.

"Jani halipasui kaburi, mtani," Damasi akasema polepole.

Nilimrudishia panga.

Tukarudi uani. Wakaongea, na waliongea vizuri, hakuna aliyepaza sauti. Bibi mkubwa ndiye aliyetoa neno la mwisho, kwa upole. Fidelis, baba mkubwa wao, atakaa kwenye nyumba mpaka Mungu atakapomchukua, hakuna wa kumgusa. Mianzi ya upande wa makaburi ing'olewe leo. Ya chini ibaki, wamempa kwa heshima ya marehemu Agata. Lakini Damasi ndiye mkubwa, na kwa hiyo kila Fidelis atakapotaka kukata mwanzi, aje kwanza kwa Damasi aombe.

Mimi nilifurahi. Nawaambia kweli, nilishusha pumzi. Nilianza kupiga hesabu ya mizigo. Nilijisemea tumeokoa nusu, na nusu ni mingi, na kuomba ni neno tu, Damasi hatamkatalia.

"Baba mkubwa," Damasi akamwambia, "umeridhika?"

"Nimesikia," Fidelis akasema.

Vijana wakaenda juu na majembe. Tukaanza kusikia mianzi inaanguka, ile sauti yake ya kupasuka na majani yakikwaruzana. Fidelis alisikiliza kidogo. Kisha akainuka, akapita mbele yangu, akasimama.

"Ile safu ya bondeni bado mwaka mmoja," akaniambia. "Wasiikate, itasinyaa."

"Nitawaambia."

"Waambie."

Akaenda. Tulidhani anakwenda chooni, halafu tukadhani anakwenda kutazama kazi ya vijana. Hakupinda kwenda juu wala chooni. Akashika njia ya kushuka, ile ya mawe, mikono mitupu, kwa mwendo wake wa kawaida, mguu mmoja juu mmoja chini. Mimi nilibaki nimekaa. Damasi ndiye aliyesimama akakimbia mpaka kwenye ukingo wa ua.

"Baba mkubwa!" akaita. "Baba mkubwa, wali umeiva!"

Fidelis akainua mkono bila kugeuka, kama mtu anayeaga dereva, akazunguka kona ya migomba, na hakurudi, wala dukani hakushuka tena.